Sura ya Tano: Shangazi wa Upande Ule

Saa nne asubuhi ya Jumapili, Mkaguzi Msaidizi wa Polisi Najma Hamdani alisimama katikati ya sebule ya Nyumba ya Dohani, kule Singe, akiwa amezungukwa na ukoo mzima uliovaa nguo moja. Kitenge kilikuwa cha buluu, chenye tausi wa njano. Tausi walikuwa kwenye magauni, kwenye mashati, kwenye vilemba, hata kwenye kofia ya mtoto mchanga ambaye hakuombwa ridhaa. Mtu anapotazamwa na watu thelathini na tausi wasio na idadi, wote wakitaka kujua bibi yao yuko wapi, kitu cha heshima anachoweza kufanya ni kufungua daftari. Najma alilifungua, akaandika tarehe.

“Naomba tuanze upya,” alisema. “Mko wangapi?”

“Thelathini na mmoja,” alijibu Dominiko, mtoto wa kwanza wa bibi aliyepotea. “Bila mama, thelathini.”

Dominiko alikuwa na miaka hamsini na nane, kitambi cha wastani, na ratiba. Yeye ndiye aliyeikodi nyumba hiyo kwa siku nne, Ijumaa hadi Jumatatu, ili watoto, wakwe na wajukuu kutoka Dar es Salaam, Arusha na Mbulu wakusanyike kusherehekea miaka themanini ya mama yao, Bibi Kandida wa Bonga. Tangazo la mtandaoni lilisema nyumba ina vyumba saba, dohani tatu na historia. Vyumba na dohani vilikuwepo. Historia ilikuwa kwenye kibao cha shaba ukutani: mwaka 1938, jina la mlowezi aliyelima kahawa, jina la mkewe, na majina ya mbwa wao wawili, Bruno na Tipsi. Waliobeba mawe, waliopika na waliofua hawakutosha kwenye kibao.

Ratiba ya Dominiko ilibandikwa mlangoni, imewekewa plastiki. Hata kuoga kulikuwa na zamu. Najma, aliyekaa bweni miaka sita na kuwa kiranja kwa miaka miwili, aliisoma kwa hisia mchanganyiko.

Mambo yalikuwa hivi. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Benadetha, binti wa tatu, alimpelekea mama yake chai. Saa mbili, magari yakiwa tayari kwenda kanisani, Bibi Kandida hakuwepo. Kichupa chake cha dawa ya sukari kilikuwa bado kwenye friji. Huchoma sindano saa moja asubuhi na saa moja jioni, na ya asubuhi hakuna aliyemchoma.

“Akikosa mbili mfululizo ataanguka,” alisema Benadetha. Alikuwa amelia mpaka tausi wa kifuani walilowa. “Mwaka juzi alianguka kwa kukosa mbili.”

“Na huyo Xavery ndiye anayejua alipo,” alidakia Yohanes, mdogo wake Dominiko, mtu mrefu mwenye sauti ya kuswaga ng’ombe. “Mbanwe aseme!”

Xavery alikuwa mtunzaji wa nyumba. Maelezo yake yalikuwa mafupi: saa moja asubuhi alifungua geti dogo la nyuma, karibu na zizi la zamani, wakatoka wanawake wawili waliovaa tausi. Mmoja alikuwa Bibi Kandida. Wa pili, alisema, alikuwa ndugu yao.

Hapo ndipo alipojichimbia shimo. Ukoo ulikuwa na wanawake kumi na watatu. Ukimtoa Bibi, walibaki kumi na wawili, na saa moja asubuhi wote kumi na wawili walikuwa kwenye foleni ya bafu moja. Hakuna ushahidi imara kama wa foleni ya bafu: kila mtu anamjua aliyemtangulia, na bado ana kinyongo naye. Kwa hiyo mwanamke wa pili hakuwepo, kwa hiyo Xavery alikuwa mwongo. Kisha Yohanes akaukuta mkongojo wa Bibi umeegemezwa nyuma ya mlango wa kibanda cha Xavery, na wanaume wa tausi wakaanza kukunja mikono ya mashati. Koplo Damasi, aliyefika kwanza, alimwondoa mtunzaji na kumweka mahabusu, nusu kwa tuhuma, nusu kwa usalama wake.

“Afande,” alinong’ona Damasi sasa, “hii iko wazi. Mkongojo umekutwa kwake.”

“Bibi je, amekutwa kwake?”

“Bado.”

“Basi tuonyeshwe chumba chake.”

Bibi Kandida alikuwa amepewa chumba kikubwa kuliko vyote, kile cha mlowezi, chenye dohani na kitanda ambacho familia tatu zingeweza kulala bila kusalimiana. Mashuka yalikuwa yamenyooka, hayajaguswa. Chini, upande wa dirishani, kulikuwa na mkeka na mito miwili, yote miwili ikiwa na shimo la kichwa. Najma alichuchumaa akaitazama kwa muda.

“Mama alilala na nani?”

“Na shangazi,” alisema Benadetha. “Mama alikataa kitanda. Alisema hakilaliki.”

Mlangoni lilikuwa limesimamishwa sanduku kubwa jipya la magurudumu. Najma alilifungua. Nguo zote za Bibi zilikuwamo, zimekunjwa kwa ufundi, na juu yake picha ya marehemu mume wake iliyofungwa kwa taulo.

“Sanduku hili alipakia mwenyewe?”

Benadetha alitazama dohani. “Tulimsaidia.”

“Anakaa Bonga, mwendo mfupi tu kwa gari. Kwa siku nne za likizo amebeba sweta saba na picha ya ukutani?”

Benadetha alilirudisha taulo juu ya picha. Najma alifunua daftari alimoinakili ratiba. “Jumapili, saa tano. Makabidhiano. Nani anakabidhi nini kwa nani?”

“Muulize kaka Dominiko.”

“Nakuuliza wewe, mama. Saa moja jioni haiko mbali.”

Benadetha alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akayatoa kwa mpigo mmoja. Walikuwa wameamua mama ahamie Dar kwa Dominiko. Nyumba ya Bonga ifungwe. Tiketi ya basi ya Jumatatu alfajiri ilikwisha katwa. Kikao cha saa tano kilikuwa cha kumwambia.

“Kumwambia, au kumuuliza?”

“Kumwambia vizuri,” alisema Benadetha.

“Na yeye hakujua?”

“Hakuna aliyemwambia. Ila sanduku aliliona juzi. Akauliza linasafiri na nani. Tukacheka.”

Najma aliandika. Halafu akauliza jambo ambalo Damasi aliliona halina uzito wowote: “Huyo shangazi aliyelala hapa, yuko wapi sasa?”

“Si yuko huko sebuleni?”

Hakuwa sebuleni. Hakuwa kwenye baraza inayotazama ziwa, wala jikoni, wala kwenye foleni ya bafu iliyokuwa imejifunga upya kwa nguvu ya mazoea. Benadetha alitoa simu, akafungua picha ya pamoja iliyopigwa Jumamosi alasiri kwenye ngazi za mbele na Alawi, mpiga picha wa mjini.

“Ni huyu hapa, pembeni ya mama.”

Alikuwa mwanamke wa umri wa Bibi Kandida, mabega mapana, uso mtulivu. Najma alihesabu vichwa. Alihesabu tena. Kisha akampa Damasi simu.

“Thelathini na wawili,” alisema Damasi, akihesabu kwa ncha ya kalamu. “Wa ziada atakuwa mpiga picha.”

“Koplo.”

“Naam, afande?”

“Picha nani aliipiga?”

Damasi alifikiri, na masikio yake yakabadilika rangi.

Walikaa kwenye chumba cha kulia, wakaita ukoo kwa matawi. Tawi la Mbulu lilisema shangazi huyo ni wa upande wa Arusha. Tawi la Arusha lilimtambua mara moja: ni wa upande wa Dar. Wa Dar waliapa ni wa Mbulu, na mkwe mmoja akaongeza kwamba kwa kweli anafanana sana na marehemu babu. Marehemu babu, ilielezwa, alikuwa na dada tisa kwa mama watatu, na hakuna mtu aliye hai aliyewahi kuwaona wote tisa mahali pamoja.

“Aliyemleta ni nani?” aliuliza Najma.

“Mimi,” alisema Yohanes, na sauti ilikuwa imeshuka. “Ijumaa nilimfuata mama Bonga. Nikamkuta huyo shangazi ameshakaa kwenye gari naye, kavaa sare. Nikajua Dominiko ndiye aliyemwalika.”

“Hukumuuliza jina?”

“Afande, unamuulizaje shangazi yako jina? Atatangaza mpaka Mbulu kwamba watoto wa Kandida wamesahau ukoo! Nilimwamkia. Akaitikia.”

“Na wewe, mzee Dominiko?”

“Nilijua ni wa upande ule.”

“Upande upi?”

“Ule,” alisema Dominiko, akaelekeza mkono dirishani, kwenye ziwa, ambamo kwa kadiri Najma alivyojua wakazi wakuu ni viboko.

Kwa siku mbili mwanamke huyo alikuwa amemenya ndizi, amembembeleza mtoto aliyetapika, na kuamua ugomvi wa godoro kati ya wakwe. Jumamosi alikabidhiwa shuka zuri, kwa makofi, kwa niaba ya mashangazi wote waliohudhuria na wasiohudhuria.

“Alikuwa na lolote la kushangaza?” aliuliza Najma.

“Hakula nyama jana,” alisema Benadetha. “Tulichoma kitimoto, akasema ana presha. Akala maharage. Na sala ya chakula aliipokea kwa viganja wazi, hivi.”

Najma aliitazama tena picha. Wanawake wengine wote walikuwa wamefunga vilemba juu, shingo wazi. Shangazi wa upande ule alikuwa ameushusha wake mpaka shingoni na kuuzungusha chini ya kidevu, kama alivyovaa mtandio wake Najma mwenyewe asubuhi hiyo.

“Mnao Waislamu katika ukoo?”

“Hata mmoja,” alisema Dominiko. Ndipo jambo lilipomwingia, na likaingia kwa kishindo. “Basi ni mtekaji! Ameingia kwenye familia yangu, amekula chakula changu, ameondoka na mama yangu! Na Xavery ndiye aliyemfungulia geti! Wako pamoja!”

Sebule nzima ilisikia. Kelele zilianza, mtu mmoja akaulizia funguo za gari, na Damasi akasogea mlangoni bila kuambiwa. Kwa mara ya kwanza siku hiyo Najma aliona jinsi mambo yangeweza kuharibika. Wanaume kumi wakifika kituoni na hasira hiyo, halafu saa moja jioni ikapita bila Bibi kuonekana, Xavery hatakuwa na wa kumsikiliza.

“Mzee Dominiko,” alisema, “hizi sare zilishonwa wapi?”

“Unauliza nguo saa hii?”

“Nauliza nguo.”

“Dar,” alijibu Benadetha kwa niaba ya kaka yake. “Fundi mmoja. Shingo ya mraba wote, na mkanda wa njano.”

“Hapa kwenye picha wawili wana shingo ya duara na mifuko mbele. Mama yenu na huyu.”

“Ya mama nilimtumia kitambaa kwa basi, ashonewe huku huku kwa vipimo vyake.”

“Yadi ngapi?”

“Sita. Dukani hawakukata nusu.”

Bibi Kandida, kwa mujibu wa picha, alikuwa mwembamba kama kalamu. Yadi tatu zingemtosha na kubaki na za kumfunika kuku. Najma alikiomba kichupa cha dawa, akakiweka kwenye chupa ya chai yenye barafu, akaondoka.

Alipita kituoni kwanza. Xavery alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, shati limechanika begani. Alikuwa na miaka ishirini na miwili ya kazi katika nyumba ile. Mwenye nyumba, aliyeko Arusha, alikwisha piga simu: kibanda kiwe wazi kesho.

“Mzee Xavery, mkongojo ulifikaje kwako?”

“Nimesema mara tatu, mama. Alinipa. Alisema, nishikie huyu mbuzi wao, nikirudi nitamchukua.”

“Mbuzi?”

“Una miguu minne. Wa chuma. Walimletea kutoka Dar, hakuupenda.”

“Sasa alitembeaje?”

“Aliegemea bega la mwenzake. Walikwenda wanacheka.”

Kalamu ya Najma ilisimama. “Wanacheka? Mbona haimo kwenye maelezo yako?”

“Hakuna aliyeniuliza hilo,” alisema Xavery. “Waliuliza nimemzika wapi.”

Faudhia, fundi wa nguo za kike karibu na soko la Babati, hakufunga Jumapili. Alikuwa na cherehani mbili, pini sita mdomoni, na daftari la vipimo ambalo kumbukumbu zake zilikuwa nadhifu kuliko za ofisi nyingi ambazo Najma alizifahamu. Alipoonyeshwa picha, alitema pini moja baada ya nyingine kwenye sahani.

“Tausi! Nawakumbuka. Walikuja Alhamisi moja, wametoka kliniki ya sukari, kadi zao mkononi. Yule mwembamba akasema, kata yadi hizi sita mara mbili, huyu ni mdogo wangu.”

“Ulimwamini?”

“Afande, mmoja ana rozari shingoni, mwingine ananiuliza adhuhuri imeadhiniwa. Mimi nashona, sichunguzi nasaba.” Alilamba kidole, akafunua kurasa. “Huyu hapa. Mabega kumi na nane. Mabega ya kubebea gunia haya. Mama Msafiri, wa Sigino. Anauza maziwa.”

“Jina lake mwenyewe?”

“Bi Mosi.”

Najma aliliandika na kulipigia mstari.

“Walikuwa wana hali gani?”

“Kama wasichana wanaotaka kutoroka bweni,” alisema Fundi Faudhia, na kurudisha pini mdomoni.

Nyumba ya Bi Mosi ilikuwa pembeni mwa shamba la mbaazi, ng’ombe wawili nyuma, ua uliofagiwa. Damasi alitaka kuzunguka kwa nyuma ili kuziba njia ya kutorokea. Najma alimwambia azibe kinywa. Kwenye kivuli cha ukuta walikuwa wameketi bibi wawili wenye tausi, ungo katikati yao, wakipukuchua mbaazi mbichi.

“Shikamooni.”

“Marahaba,” walijibu pamoja.

“Umechelewa,” alisema Bibi Kandida. “Nilidhani polisi wangefika kabla ya jua kali. Kaa.”

“Bibi, sindano yako ya asubuhi?”

Bi Mosi alinyanyuka, akaingia ndani, akarudi na chupa ya plastiki iliyokuwa inadondosha maji ya mtungini. Ndani yake mlikuwa na kichupa kama kile kilichokuwa kwenye barafu ya Najma, na lebo ileile. “Kliniki moja, dawa moja, kipimo kimoja,” alisema. “Sindano yake ameleta mwenyewe, kwenye mfuko wa gauni. Bajaji imetufikisha, amechoma saa mbili kasoro robo, na uji amekunywa.”

Najma aliiweka chini chupa ya barafu aliyoibeba tangu Singe.

“Mlijuana wapi?”

“Kwenye nyumba ileile mliponitafuta, enzi za mzungu,” alisema Bibi Kandida. “Mimi nilikuwa nafua, Mosi alikuwa jikoni. Miaka mitano. Nilikuwa na miaka kumi na sita nilipoanza. Mashuka ya kitanda kile nimeyafua mpaka kucha zikatoka. Sasa watoto wangu wananiambia, mama, heshima yako hii, lala humo.” Alipasua ganda la mbaazi. “Nilimtaka Mosi aje kwenye sherehe. Dominiko akasema ni familia tu, vitanda vimehesabiwa. Nikamshonea sare. Nikajua hawatauliza.”

“Na hawakuuliza,” alisema Bi Mosi. “Wamenipa na shuka. Zuri sana.”

“Na kuondoka?”

“Niliona sanduku. Mtu akikupakia nguo bila kukuuliza, ujue na tiketi ameshakata. Basi liondoke kesho na sanduku lao. Mimi nitarudi Bonga kwa miguu yangu, kuku wangu wamekwisha kunikumbuka.”

Najma alifunga daftari. “Bibi, kwa sheria mtu mzima akiondoka kwa hiari yake hajapotea.”

“Basi andika hukuniona.”

“Ningeandika. Lakini Xavery yuko mahabusu.”

Mikono ya Bibi Kandida ilisimama juu ya ungo. “Xavery gani? Wa getini?”

“Amekutwa na mkongojo wako. Amesema mlitoka wawili, wanao wakamhesabu mwongo. Wamemchania shati. Kesho anafukuzwa kazi.”

Kisha Bibi Kandida alijipangusa maganda mapajani, akanyoosha mkono, na bega la Bi Mosi likawa limeshafika chini yake kabla hajalitafuta.

“Twende,” alisema. “Ila siendi kwenye nyumba ile. Naenda kituoni.”

Saa kumi jioni, tausi walijaa kituo. Bibi Kandida alipoingia, kulikuwa na kilio, vigelegele, na Yohanes alipiga magoti kabisa. Mama yao aliwapita wote kama mkuu wa shule anayepita gwaride, mkono begani kwa Bi Mosi, mpaka mbele ya meza. Alisubiri Xavery atolewe. Alisubiri arudishiwe mkanda na viatu vyake. Alimtaka Yohanes aombe radhi kwa shati, kwa sauti ileile aliyotumia kumshtaki, na Yohanes akaomba. Benadetha alipiga simu Arusha, Bibi akaichukua na kuongea na mwenye nyumba kwa dakika moja. Alichosema hakikurekodiwa, lakini kibanda kilibaki na mtu wake.

“Mama,” alianza Dominiko, “tumeteseka sana. Sasa twende ukapumzike. Kesho alfajiri kuna safari, utakaa nasi, tutakutunza. Huku Bonga uko peke yako, hakuna anayejua hata unalala na nani.”

“Mnataka kunitunza.”

“Ndiyo, mama.”

“Kujua ninalala na nani.”

“Ndiyo.”

“Vizuri.” Bibi Kandida alimsogeza Bi Mosi hatua moja mbele. “Huyu nimelala naye siku mbili, mkeka mmoja, chini ya pua zenu. Amewapikia. Amewabebea watoto. Ijumaa mlinisomea majina ya mbwa wa mzungu kwenye kibao, mkacheka, mpaka leo mnayakumbuka. Haya. Atakayenitajia jina la huyu, kesho alfajiri napanda naye basi, na sanduku nalibeba mwenyewe.”

Hakuna tausi aliyetikisika. Tawi la Arusha liliwatazama wa Dar. Wa Dar waliwatazama wa Mbulu. Benadetha aliweka kiganja mdomoni. Macho ya Dominiko yalihama polepole, kama ya mwanafunzi aliyeishiwa katikati ya mtihani, yakatua mezani, kwenye faili lililokuwa wazi, mahali palipoandikwa majina ya mashahidi.

Najma aliweka mkono wake juu ya karatasi, vidole vimebanana.

Nje, dereva wa bajaji aliyewaleta kutoka Sigino alipiga honi. Bibi wawili walikuwa bado na ungo wa mbaazi wa kumalizia. Dominiko alimtazama yule mwanamke kwa makini, kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa, kama mtu anayetafuta maandishi usoni. Hayakuwepo. Kilichobaki kichwani mwake kilikuwa kimoja tu, nacho ndicho kilichotoka.

“Shikamoo, shangazi,” alisema.

“Marahaba, mwanangu,” alijibu Bi Mosi, akamgeuza rafiki yake taratibu kuelekea mlangoni.